Kutunza Mistari ya Mashine Kuukuu ya Juru

Nakumbuka mlio, mwanangu, kabla sijaikumbuka siku yenyewe. Krrr, krrr, kama mtu anakwangua ukoko chini ya sufuria, na huku kijana kwenye kioo anafungua kinywa na kukifunga. Tulikuwa hapa hapa Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, katika chumba cha kanisa chenye kompyuta moja kuukuu ya msaada. Kijana yule alikuwa Amani, aliyepelekwa kuishi ng'ambo. Kijiji kizima kilikuwa kikinong'ona kwamba amekufa huko, na sasa imefika diski ya video yake. Mama yake, Mama Nabintu, alikuja amevaa nguo ya ibada.

"Mutoto wangu banamufanya nini?" akauliza.

Mtu wa nyuma akacheka. "Mashine inakula sauti, mama."

Mwendesha mashine nilikuwa mimi, Chantal wenu huyu. Shule niliiachia njiani, lakini ndoto nilikuwa nazo nyingi. Nilisema nitatengeneza filamu ya Nakivale yote, nikicheka peke yangu kama kichaa. Aliyenifundisha ni Maître Lwaboshi, mwalimu wa hesabu wa zamani kutoka Kivu, Kongo, aliyekuwa akitengeneza redio za watu. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba programu ile ya kuchezesha video imeundwa na watu wa nchi nyingi wanaojitolea, na yeyote anaweza kuifungua na kuirekebisha. Ndani yake kazi nzito zimeandikwa mara mbili. Mara moja kwa lugha ya kawaida ya programu, inayokwenda polepole. Mara ya pili kwa asembli, yaani kwa mkono, amri moja moja za prosesa, ubongo wenyewe wa kompyuta, ili hata mashine dhaifu kama yetu iweze kukimbia.

"Ile ya polepole usiiguse," alikuwa akiniambia. "Ndiyo shahidi. Ya haraka ikitoa jibu lingine, ya haraka ndiyo inadanganya."

Basi siku ile nikazima ya haraka. Sauti ikatoka safi, lakini picha ikabaki nyuma. Amani alisema kinywa kimefungwa, akacheka maneno yakiwa yamekwisha. Mama Nabintu akasimama.

"Kinywa kimefunga na sauti inasema? Hii ni photo ya mufu. Banabandika sauti yake ya zamani."

Akatoka bila kumuaga mtu. Jioni ile wanawake walianza kumpelekea kuni, kama kwenye nyumba yenye msiba.

Mimi na Maître tukazima fungu moja moja la mistari ya asembli, mpaka tukalipata lenye ugonjwa. Asubuhi nikaenda mjini Mbarara, kwenye duka la intaneti karibu na kambi ya jeshi, kutazama nani aliligusa. Mwenye duka, mke wa askari, akanicheka: "Nyinyi watu ya Nakivale! Hiyo kompyuta si mutupe tu?"

Nikaona. Mtu wa mbali, mmoja wa wale wanaojitolea, alikuwa amesafisha mistari ya fungu la picha, akaondoa amri moja. Sasa, katika prosesa za zamani, hesabu za picha na hesabu za sauti zinapokezana nafasi ile ile. Picha ikimaliza, lazima itolewe amri ya kuiachia nafasi. La sivyo sauti inaingia na kukuta uchafu wa mwenzake. Mashine mpya hazipitii njia hiyo kabisa, kwa hiyo kwake kila kitu kilikwenda vizuri.

Nikaandika barua ya matusi, nikarudi nayo kumwonyesha Maître kabla ya kuituma. Aliisoma yote, polepole, macho yake yakiwa yameanza kufifia.

"Chantal, huyu mutu iko na mashine kama yetu?"

"Hapana, Maître."

"Sasa hii kosa angeiona wapi?"

Nikaikunja ile barua.

"Weye ndiye unaiona. Andika hivi: niko na mashine ya zamani, kila mutakapogusa mistari hii munitumie nijaribu. Halafu uache kuvimba."

Tukairudisha ile amri, tukalinganisha majibu na yale ya polepole, yakalingana. Nikaenda kumsihi Mama Nabintu. Jumapili akaja, akasimama mlangoni, hataki kukaa. Amani akasema, na kinywa na sauti vikaenda pamoja. Mama akatazama. Kisha akasogea hadi kwenye kioo:

"Weye! Sababu gani umekonda hivi? Huko habapike?"

Ndipo akakaa chini, sakafuni, akalia na kucheka.

Nilituma ujumbe kama Maître alivyosema, na sikujua nimejitwisha nini. Miaka yote hiyo, mwanangu: baiskeli hadi Kaberebere, gari hadi Mbarara, kurudi na flashi, kujaribu. Watu wakibadilisha kitu kingine kabisa, na mistari yangu, ambayo hakuna aliyeigusa, inavunjika. Maître alikufa, nikaendelea. Video inayocheza leo kama ilivyocheza jana haipigiwi makofi na mtu. Filamu yangu sijaitengeneza. Nimechoka, sikufichi.

Lakini sikiliza. Ukiachiwa kitu cha kutunza, jua kwanza ni nani anakitegemea, umjue kwa sura. Kabla ya kumtukana aliyekiharibu, jiulize kama angeweza kuona unachokiona wewe. Na haja ikiisha, usikitelekeze wengine wajikwae. Kimalize kwa mkono wako. Mungu akupe mgongo wa kubeba, akupe wa kukukemea kwa upole, na siku ya kutua mzigo akutue bila uchungu.

Mimi nimetua juzi. Mashine ya Juru imekataa kuwaka, na Mama Nabintu siku hizi anagombana na mwanawe kwenye simu, wakionana. Niliwauliza wenzangu wa mbali kama yupo mwingine mwenye mashine ya namna ile. Hakujibu mtu. Siwezi kuapia mistari nisiyoweza kuijaribu. Nikaenda Mbarara peke yangu, nikakaa pembeni dukani, nikaifuta mistari yangu ya haraka yote, faili baada ya faili, nikaacha ile ya polepole. Kwenye sehemu ya sababu nikaandika: haina tena wa kuihitaji. Nikabonyeza kutuma.