Ndege wa Baba Waliofungishwa Kwaresima

Baba yangu, Anselme Gaudry, tulimzika Jumatatu. Padre alipouliza aseme nini juu yake, kaka zangu walitaja kasia, kwa kuwa alipiga kasia Mto Missouri miaka thelathini. Mimi nilitaja ndege.

Mwaka mmoja, nikiwa bado mtoto, maofisa waliotumwa kuchunguza nchi za magharibi walikaa majira yote ya baridi kwenye ngome ya huko juu mtoni. Barafu ilipoyeyuka, wakairudisha mashua ya akina Baba Saint Louis, mjini kwetu, ikiwa imejaa ngozi, pembe na mifupa ya wanyama tusiowajua. Juu ya shehena waliweka tundu la ndege wanne hai, weusi kwa weupe, wa jamii ya kunguru, mikia mirefu.

"Gaudry," ofisa alimwambia Baba, "mifupa haifi mara mbili. Hawa nataka wafike wanapiga kelele."

Baba hakuwahi kukabidhiwa kitu zaidi ya kasia. Akaapa kwa Bikira Maria.

Ilikuwa Kwaresima. Watu wetu mashuani walifunga nyama, wakala mahindi ya kuchemsha. Baba akawalisha ndege vivyo hivyo. Alhamisi Kuu mmoja akafa. Ijumaa Kuu waliobaki walikuwa wamejikunyata, kimya. Baba akapiga magoti kando ya tundu na rozari yake.

Mwenzake Onésime alikuwa akiwasha kiko. "We Anselme, unawapa nini hawa?"

"Mahindi. Nyama ni dhambi leo."

"Kwani walibatizwa lini? Msimamizi wao nani, wewe?"

Mashua nzima ikaangua kicheko.

"Hata paka wa padre anakula panya leo, bwana!" Onésime akaongeza.

Baba alikasirika, kisha akawatazama wale ndege. Akachukua kisu, akakata nyama kavu ya nyati, siku ambayo tangu utotoni hakuwahi kuigusa, akailowesha mtoni. Ndege wakaigombania. Dominika ya Pasaka makelele yao yaliuzidi wimbo wa watu.

Nilikuwa na miaka tisa. Pale ukingoni tuliwasikia kabla hatujaiona mashua. Baba alisimama mbele, tundu juu ya kichwa, ndege watatu wakipayuka, na Onésime nyuma yake:

"Pisheni! Wapisheni Wakristo wa Anselme!"

Mji mzima ulishangilia.

Padre aliisimulia habari hiyo kaburini, akacheka, nasi tukacheka tukilia. Ee Bwana, mpokee mtumishi wako: alichokabidhiwa alikifikisha kikiwa hai.