Juisi ya Mgonjwa

Mwanangu anauliza kama mbwa anaweza kunywa juisi. Namwambia ampe maji, basi, nimechoka. Lakini ile harufu ya machungwa imeshanirudisha Kaloleni, kwenye chumba alimolala baba mwezi mzima. Wageni walimletea chupa za juisi, maana mgonjwa haendewi mikono mitupu.

Mbwa wetu naye akaugua. Nikammiminia juisi ya baba kwenye sahani ya bati. Akalamba, kisha akatapika palepale sakafuni. Nikangoja kuchapwa.

Baba aligeuza kichwa polepole. "Mpe maji," alisema. "Juisi haimsaidii. Hata mimi hainisaidii, nainywa tu wageni wasijisikie vibaya."

Nikampa maji, asubuhi na jioni. Mbwa alipona.