Salamu Nilizomfundisha Bwana Pettifer

Sitaki mtu anihurumie, nasema mapema, kwa sababu aibu hii niliipika mwenyewe, nikaipakua mwenyewe, na mpaka leo nikiingia kwenye ukumbi wa shule yetu hapa Wembley nikaona yale madirisha marefu ya juu, yale yanayofunguliwa kwa fimbo yenye ndoano, masikio yananiwaka moto na inabidi niiname nijifanye nafunga kamba za viatu.

Mwaka jana, nikiwa na miaka kumi na tano, shule ilipanga safari ya kujitolea: wanafunzi kumi na wawili kwenda Kenya siku kumi, karibu na Voi, kupaka rangi madarasa ya shule moja ya msingi (madarasa ambayo, ukiniuliza mimi, watu wa Voi wangeyapaka wenyewe vizuri zaidi, maana kati yetu hakuna aliyewahi kushika brashi isipokuwa ya meno). Wenzangu walitaka kuona ndovu. Mimi nilitaka kumwona nyanya. Nyanya, mama yake Mama, anakaa Voi, nyuma ya stesheni ya reli, na tangu nije London nikiwa na miaka minne ninamjua kwa sauti tu: kila Jumapili baada ya kanisa Mama anakwaruza kadi ya simu kwa kijiko, anabonyeza namba ndefu kama treni, kisha nyanya ananiuliza maswali yake yale yale matatu, nimekula, nasoma, narudi lini. Hilo la tatu Mama huninyang'anya simu kabla sijajibu.

Shida ni kwamba jina langu halikuwa kwenye orodha. Kulikuwa na kisa cha kengele ya moto, na kisa cha chura (chura mwenyewe hakuumia, naomba ieleweke). Basi Mama akatoka kazini, anakohudumia wazee, akaja shuleni na sare yake ya buluu kumwomba Bwana Pettifer, mwalimu wetu wa Kifaransa na Kilatini, aliyekuwa kiongozi wa safari. Bwana Pettifer ni mrefu, mpole, anapenda sarufi namna wengine wanavyopenda mpira. Akakubali, kwa sharti: kila Alhamisi baada ya masomo niwafundishe yeye na kundi lake Kiswahili, na nikifanya upuuzi mmoja tu, mmoja, sipandi ndege.

Kwenye basi la kurudi nyumbani Mama akaniangalia.

"Mwakio, ukiniaibisha kwa huyu mzungu, utanijua."

"Siwezi, Mama."

"Huwezi nini? Kuniaibisha au kujizuia?"

Alhamisi ya kwanza nilifundisha dakika ishirini nzima bila kosa, hata nikaanza kujiona na tai. Halafu Bwana Pettifer akainua kalamu, akauliza: "Na mtu akitusalimia 'hamjambo', tunamjibuje?"

Haki ya Mungu nilikuwa nasema "hatujambo". Neno lilishafika kwenye meno. Lakini mbele yangu alikuwa ameketi Hitesh, rafiki yangu wa Kingsbury, Mgujarati ambaye bibi yake alizaliwa Kisumu na bado akiunguza sufuria anatukana kwa Kiswahili, kwa hiyo Hitesh Kiswahili chake chote ni matusi ya jikoni. Akanikonyeza. Mtu akikukonyeza namna ile na wewe ni mimi, utafanya nini?

"Tumejamba," nikasema.

(Kwa ambao Kiswahili kimeanza kuwaponyoka huku Uingereza: nilimfundisha mwalimu wangu kwamba ukiulizwa hali, unajibu kwa kutangaza kwamba umetoa upepo, na si upepo wa mdomoni.)

Hitesh akaenda chini ya meza, akasema kalamu imeanguka. Bwana Pettifer akaandika neno lile kwa mwandiko mzuri, akalipigia mstari. Nikajiambia nitalirekebisha Alhamisi ijayo, tucheke kidogo, yaishe.

Alhamisi iliyofuata nikakuta jedwali ukutani. Kalamu za rangi nne. Nimejamba, umejamba, amejamba, tumejamba, mmejamba, wamejamba. Bwana Pettifer alikuwa ameazima kitabu cha sarufi ya Kiswahili maktaba ya Wembley, akakivunja kitenzi changu vipande vipande na kukiunda upya. Kamusi hakuipata, kwa sababu kamusi ilikuwa moja tu na ilikuwa chini ya kitanda changu, niliwahi kuiazima asubuhi ya Jumamosi kabla hawajamaliza kufungua mlango.

"Ni kitenzi chenye tabia nzuri kabisa," akatuambia kwa furaha. "Hakina ukorofi hata kidogo."

Alhamisi ya tatu nikajikaza. Nikamfuata mezani, nikasema, "Sir, kuhusu lile neno..." naye akanikatiza, akaniwekea mkono begani, akasema hajawahi kuona kijana aliyebadilika haraka namna hii na kwamba amemwandikia mama yangu barua ya kunisifu. Nilipofika nyumbani barua iko kwenye mlango wa friji, imebanwa na sumaku, na Mama anaimba akikatakata sukuma wiki. Sasa wewe niambie, ningeanzia wapi?

Ikaja Jumamosi ya kuwaonyesha wazazi, saa nane mchana, mwezi wa kwanza, baridi ya kung'ata pua. Asubuhi ile ile ndipo Bwana Pettifer anatuambia ana habari njema: Mwalimu Mkamburi, mwalimu mkuu wa ile shule ya Voi, yuko London kwa mkutano wa walimu na atakuja kutusalimia. Cha kunifariji kilikuwa kimoja, kwamba Mama alikuwa na zamu kazini.

Nikawakusanya wenzangu nyuma ya pazia. Nikawaambia ukweli wote. Hiyo ndiyo mara ya pekee katika maisha yangu ya shule niliyosema ukweli bila kulazimishwa, na hakuna aliyeniamini.

"Acha zako," akasema Keisha, msichana mwenye akili kutuzidi wote. "Hilo 'hatujambo' ndilo tusi. Unataka tuaibike mbele ya mgeni."

"Keisha, nakuapia."

"Uliapa pia kwamba chura si wako."

Nikamgeukia Hitesh aniokoe. Hitesh akathibitisha kila kitu, nao wakazidi kutoniamini, maana Hitesh na mimi kesi zetu huwa zinasikilizwa pamoja. "Mimi nitafungua mdomo tu," akaninong'oneza, "sauti sitoi."

Pazia likafunguka. Ukumbi umejaa, wazazi wana chai, mwalimu wa sanaa yuko nyuma na kamera ya video kwenye miguu mitatu. Mstari wa mbele ameketi Mwalimu Mkamburi, mama mnene wa heshima, kitenge chake kikichungulia chini ya koti zito. Pembeni yake bibi yake Hitesh, Ba, na sinia la sambusa (Ba! Wa Kisumu! Nilikuwa nimemsahau kabisa). Na mstari wa pili, na sare yake ya buluu, aliyebadilishana zamu kwa sababu ya ile barua, huku amewaleta akina mama wawili wa kanisani waje kumwona mwanawe alivyobadilika, Mama. Akanipungia mkono.

Mwalimu Mkamburi akasimama, akatabasamu, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusalimia watoto mia sita uwanjani: "Hamjambo, wanangu?"

Sauti kumi, na ya Bwana Pettifer juu yake kama tarumbeta: "TUMEJAMBA!"

Nilisikia kijiko kikigonga kikombe. Mwalimu Mkamburi akatuangalia kutoka kushoto hadi kulia, mmoja mmoja, kama anayehesabu waliohusika.

"Poleni," akasema. "Wote kwa pamoja?"

Kisha, bila kubadilisha uso: "Basi fungueni madirisha."

Ba akatoa sauti ya birika linalochemka, sambusa mbili zikaruka kutoka kwenye sinia. Bwana Pettifer akaniinamia haraka, anataka tafsiri. Hapo ndipo ningeweza kumkata kichwa nyoka huyu, lakini mimi ni mimi.

"Anasema... kuna joto, Sir. Anaomba madirisha yafunguliwe."

Ndani ya ukumbi watu wamevaa makoti. Lakini mgeni ni mgeni, naye Bwana Pettifer ni muungwana, akachukua fimbo ya ndoano akafungua dirisha moja baada ya jingine, yote saba, upepo wa Januari ukiingia na karatasi za ratiba zikipaa, na kila akifungua dirisha anageuka kumwelekea mgeni na kusema kwa adabu, "Hata mimi nimejamba! Nimejamba sana!"

Nikadhani hapo ndipo mwisho. Kumbe ana hotuba. Ameiandika mwenyewe, kwa siri, ili kunifurahisha.

"Ndugu zangu," akaanza, karatasi ikipepea mkononi. "Leo tumejamba hapa London. Mwezi ujao tutajamba Kenya." Mwalimu Mkamburi akafunika uso kwa ratiba, mabega yanatikisika. "Watoto wetu na watoto wenu watajamba pamoja. Na tutajambiana kama ndugu!"

Ba alikuwa analia sasa, amemshika mkono Mwalimu Mkamburi, wanawake wawili ambao hawajawahi kuonana wameegemeana kama madada. Mmoja wa akina mama wa kanisani alikuwa amejaza leso mdomoni. Bwana Pettifer akaangaza macho ukumbini, akijua hotuba imependwa, mpaka macho yake yalipofika mstari wa pili, kwa mtu mmoja ambaye hacheki. Mama hakuwa ananiangalia kwa hasira. Hasira yake naijua, naweza kukaa nayo. Alikuwa anaikunja ile barua ya kunisifu, aliyokuja nayo mkobani, anaikunja ndogo, halafu ndogo zaidi.

Bwana Pettifer akanigeukia. "Mwakio," akasema kwa Kiingereza, taratibu, "nimekuwa nikisema nini?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Nikamwambia. Nikawaambia wote, kwa Kiingereza safi, mzazi kwa mzazi, na wale ambao walikuwa bado hawajacheka wakapata nafasi yao. Keisha akanitazama mdomo wazi.

Bwana Pettifer akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na lile la mwisho? Kujambiana?"

"Ni... ninyi kwa ninyi, Sir."

Akafikiri. "Kwa hiyo sarufi yangu ilikuwa sahihi."

"Sahihi kabisa, Sir."

"Nashukuru," akasema, akaenda kufunga madirisha, yote saba, peke yake, na mimi ningeona afadhali anipige na ile fimbo.

Mwalimu Mkamburi alinitetea, nampa haki yake. Alisema, "Mleteni huyu, siku kumi na mimi atanyooka." Lakini sharti lilikuwa upuuzi mmoja, na kabla Bwana Pettifer hajafungua mdomo Mama alisema, "Haendi." Kwenye basi tuliketi ghorofa ya juu, mbele kabisa, na karibu na stendi yetu nikaona amegeukia dirishani na mabega yanatikisika.

"Mama, unacheka?"

"Sicheki," akasema, akijifuta machozi kwa mkono wa sare. "Na huendi."

Sikwenda. Asubuhi ya safari nilisaidia kupakia masanduku kwenye basi la uwanja wa ndege, nikampa Bwana Pettifer kifurushi cha nyanya: sweta aliyonunua Mama na picha yangu, ile ya shule ambayo sitabasamu. Nilikuwa nimemwomba msamaha mara tatu, na mara hii ya nne akasema yatosha, kisha akaniomba nimsikilize matamshi yake kidogo. Nikamsikiliza pale pale barabarani, mpaka dereva akapiga honi.

Tangu siku ile nimeapa: mtu akiniuliza neno la Kiswahili nampa lenyewe, zima, mara ya kwanza, hata Hitesh akinikonyeza macho yote mawili. Kamusi niliirudisha maktaba. Jedwali bado liko ukutani, maana Bwana Pettifer anasema ni mfano mzuri wa kitenzi.

Jumapili baada ya safari Mama akakwaruza kadi, akanipa simu.

"Mwalimu wako alifika," akasema nyanya. "Mzungu mrefu, mlango ulimgonga. Nikamwambia hujambo? Akanyamaza, baba, akanyamaza kama mtu anayesikiliza treni kabla ya kuvuka reli, ndipo akasema 'sijambo', polepole sana. Nikamuuliza mjukuu wangu yuko wapi, akasema umebaki London unarekebisha neno. Neno gani hilo?"

"Dogo tu, nyanya."

"Picha nimeiona. Umekonda. Umekula?"

"Nimekula."

"Unasoma?"

"Nasoma."

"Unarudi lini?"

Nikamgeukia Mama anyang'anye simu kama kawaida. Mama alikuwa ameegemea friji, amefunga mikono, ananisubiri nijibu mwenyewe. Nikafungua mdomo, mzaha haukuja, hakikuja chochote.

"Wewe mtoto," nyanya akasema, "mbona kimya? Hujambo kweli?"

"Sijambo, nyanya," nikasema, na ile o ya mwisho nikaivuta, nikaivuta, mpaka kadi ikaisha.