Niling'oa Vigingi Vyekundu, Nikapanda Masale

Nimekosa. Naanza na hilo usije ukadhani natafuta huruma. Mimi ni mzee wa hapa Babati, darasa la tatu sikumaliza, lakini nyumba, ng'ombe na mashamba nimepata kwa mikono hii hii. Sijawahi kumwomba mtu msamaha. Leo naomba, tena gazetini!

Nje kidogo ya Mutuka kuna eneo ambalo zamani wanajeshi walifanyia mazoezi. Kabla yao yalikuwa mashamba yetu, na kipande cha marehemu baba kilikuwa pale kwenye korongo. Wanajeshi walipohama waliacha mashimo, vyuma, na mabomu ambayo hayakulipuka. Tukaambiwa subirini lisafishwe, mtarudishiwa. Tumesubiri mpaka mvi zimetuota.

Kisha ikaja ile mashine. Jamani, haina kiti! Haina usukani! Inakwenda yenyewe, inachapa udongo kwa minyororo, inang'oa vichaka, na bomu likilipuka linalipukia chuma. Anayeiendesha amesimama mbali, nyuma ya magunia ya mchanga. Ni binti mdogo tu, kavaa rimoti kifuani kama mama aliyembeba mtoto kwa mbele.

Nilimcheka mbele za watu. "Binti, mtu anayeogopa kupanda trekta lake atalima nini?"

"Shikamoo babu," akasema. "Trekta siliogopi. Naogopa kilicholala chini."

"Mimi nimepita humu na ng'ombe wewe hujazaliwa!"

"Basi babu una bahati. Usiimalize yote."

Watu wakaangua kicheko, na wakanicheka mimi. Lile lilinikaa kooni.

Kila mashine ilipopita, na watu wao wakakagua nyuma yake, waliweka vigingi vyeupe. Maana yake hapo pamekwisha. Kikabaki kipande kimoja, na kipande chenyewe ni kile cha baba! Mawe ya korongo yalikata minyororo, mashine ikabebwa kwenda kutengenezwa. Binti akakizungushia vigingi vyekundu. Akaja mpaka kwangu, akakaa kwenye kigoda.

"Babu, nimekuja mwenyewe ili usisikie kwa watu. Pale bado. Tutarudi."

Nikaenda zangu zizini kukamua.

Mvua hazikumngoja yeye. Wenzangu wanapanda mahindi, mimi natazama vigingi kama mfungwa. Siku moja nikaingia. Nikatembea kipande chote, nikachimba huku na huku kwa sururu. Kimya! Nikajiambia, kumbe natishwa na mtoto. Nikang'oa vigingi vyote, nikavificha nyuma ya zizi chini ya mabua. Mahali pake nikapanda masale.

Kwetu mtu mzima akipanda masale mpakani, maneno yamekwisha. Hakuna anayeuliza tena. Nilijua hilo vizuri. Ndiyo maana nikapanda masale na siyo mti mwingine!

Mke wangu aliuliza, "Baba Neema, kwani wale wamesharudi?"

"Unaniuliza mimi au unaiuliza rimoti?"

Akarudi jikoni. Laiti angenipiga kwa mwiko!

Mdogo wangu, nitamwita Baba Anna ingawa siyo jina lake, alikuja na maksai wake wawili kunisaidia kulima. Alipofika mpakani akasimama.

"Kaka, hapa mashine imepita?"

"Wewe huoni masale?"

Akavua kofia. "Basi kaka, nisamehe kwa kuuliza." Halafu akacheka, akawapigia maksai mluzi. "Twendeni, leo tunamlimia marehemu mzee!"

Mimi nilibaki nyuma nikichagua mbegu kwenye ndoo.

Sitaeleza nilichokiona bomu lilipolipuka. Nitasema tu kwamba mguu wake wa kulia haupo, na maksai walikufa wakiwa bado na nira shingoni. Mimi na ndoo yangu, hata mkwaruzo! Ole wangu!

Hospitali, alipopata fahamu, aliuliza, "Kaka, kwani yule binti hakuweka alama?"

"Hakuweka," nikasema.

Neno moja tu! Likatoka kama vile lilikuwa linanisubiri mdomoni.

Tukaitwa ofisi ya kata. Binti alisimama. "Niliweka vyekundu. Nilikwenda mpaka kwa babu huyu kumwambia." Akanigeukia. "Babu, si ulikuwepo? Si ulinipa kigoda?"

Watu wote wakanitazama.

"Sikumbuki," nikasema.

Wakamwamini mzee. Binti akafukuzwa kazi. Nje akina mama walimzomea, "Rudi kwenu na mdoli wako!" Alipita mbele yangu bila kunitukana. Angenitukana ningepona kidogo.

Siku hizi mashine imerudi, inaendeshwa na mwingine. Kipande cha baba ni safi kabisa. Masale yangu yamestawi, majani mapana, yananitazama kila nikipita. Shamba silimi. Mdogo wangu anashinda mlangoni kwake amekaa na magongo. Nikimpelekea maziwa anasema, "Asante kaka, wewe ndiye umebaki." Kisha anamlaani yule binti, na mimi naitikia. Naitikia!

Wazee wenzangu, nisikilizeni. Kujenga nyumba hakukufanyi ujue kilicho chini ya ardhi. Mtoto akikwambia hapa bado, kaa chini, meza hasira yako, mwaka huu ununue mahindi sokoni. Na ninyi vijana, mzee akisema "mimi napajua hapa," mwulizeni mara ya pili, hata kama kapanda msitu mzima wa masale.

Vigingi bado viko nyuma ya zizi. Gazeti likitoka nitavibeba begani mpaka ofisi ya kata, mchana, watu wakiona. Binti, popote ulipo, uliviweka. Nakumbuka. Na kigoda nakumbuka.

La mwisho ni kwa yule anayemsomea baba yake gazeti kila Jumapili baada ya ibada, kwa kuwa baba hajui kusoma. Mwanangu, umeshanitambua. Usiruke mstari hata mmoja kwa kunionea aibu. Rudia pale baba yako aliposema "nisamehe kwa kuuliza." Soma kwa sauti.