Simba Niliowasugua Miaka Minane

Namwonea wivu shoga yangu. Naanza kwa kusema mwenyewe, mtu asije akanichamba baadaye. Yeye ni fundi cherehani kutoka Bukavu, na wivu wenyewe ni wa simba wawili wa kauri.

Walikuwa wa mzee wa Kichina aliyeuza majani ya chai na bakuli hapa mjini Johannesburg. Duka lake lilikuwa katikati, saluni yangu upande huu, cherehani ya shoga upande ule. Simba walikaa mlangoni, wa kijani na njano, wamepakwa ile rangi ya kuchomwa inayong'aa. Dume amekanyaga mpira, jike amemwekea mtoto wake mguu kwa upole. Walikuwa wa babu yake mzee, na kazi yao kulinda mlango. Mtaa huu, jamani, hata mlinzi huibiwa viatu, lakini wale hakuna aliyewahi kuwagusa.

Ila mimi. Kila asubuhi, kabla sijawasha draya, niliwaogesha. Moshi wa teksi huganda kama masizi, na mimi nimelelewa Kigoma na mama ambaye sufuria yake unajitazama kama kioo. Maji, sabuni ya unga, stilwaya ya kusugulia sufuria. Nasugua manyoya, meno, mpaka ulimi. Mzee anatoka na kikombe cha chai, ananipa, anasimama kunitazama, hasemi neno. Miaka minane hiyo! Shoga yangu hakuwahi hata kuwapangusa vumbi.

Mwaka huu mzee alifunga duka akahamia kwa binti yake. Mimi nilishapanga: jike karibu na kioo, dume mlangoni. Siku ya kuondoka akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniachia boksi zima la chai. Simba wakabebwa, wakaingia kwa fundi cherehani.

Hee! Roho iliniuma mpaka nikashindwa kula. Kwani mimi sikuwa mtu kwake? Boksi sikulifungua. Wiki mbili shoga namsalimia kwa kidevu tu. Mteja akiwasifia simba wa jirani, namvuta nywele kidogo, Mungu anisamehe.

Mwishowe nikamwendea. "Ulimwambia nini mzee? Wewe ndiye uliyekuwa unawaogesha?"

Akaacha kukanyaga cherehani. "Dada, usiniulize."

"Nakuuliza."

Akanyanyuka, akamgeuza jike taratibu. Mgongoni, upande uliokuwa umebanwa na ukuta, mahali mkono wangu usipofika, kulikuwa na dhahabu. Mistari myembamba ya dhahabu juu ya manyoya, na vimaua vyekundu. Nikarudi kutazama usoni. Kijani kilichofifia, mikwaruzo mitupu. Kile nilichokuwa nakiona kila asubuhi kwenye maji ya ndoo, nikidhani ni uchafu, kumbe ni rangi yao!

"Alitaka wakae kwa mtu asiyewagusa," akasema.

"Sasa kwa nini hakuniambia? Nina mdomo mkali, lakini si ningeacha?"

"Alisema utaona haya. Hutakuja tena kunywa chai naye."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja wake. Mkono wangu ulikuwa kama bado unanuka sabuni ile.

"Alijua tangu lini?"

Shoga akarudi kwenye cherehani, akawa anatafuta uzi ambao ulikuwa mkononi mwake.

"Tangu wiki ya kwanza, dada."