Msingi chini ya maharagwe ya Mama

Leo nimejua kwa nini baba alininyima kiwanja.

Tunaongeza chumba kwenye nyumba aliyotuachia hapa Mushaki, upande wa mlimani.

Nilimweleza fundi: kwenye mteremko usipime kwa macho, pima kwa maji ndani ya bomba la mpira. Sakafu zilingane, maana mguu wangu hauwezi tena ngazi.

Akachimba pale Mama alipokuwa akipanda maharagwe.

Jembe likagonga jiwe. Kisha jingine. Kufikia saa sita msingi mzima ulikuwa wazi, na nafasi ya mlango imeachwa.

Fundi akapima.

"Papa, muntu alishapima hapa. Iko sawasawa na nyumba."

Nikakaa chini.

Miaka ya hamsini, mimi nikiwa bado mtoto mdogo, kaka yangu mkubwa alikwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Katanga. Hakurudi, wala habari zake hazikufika. Nilipotaka kuoa, nilimwomba baba nijenge pale. Akasema, "Hapo hapana." Mwaka mzima sikumsemesha.

Kumbe kilikuwa chumba cha kaka, baba alikianza ili akirudi akikute.

Katika ukoo wetu, hujengi juu ya msingi wa mtu ambaye hajaliliwa. Baba alikataa kumlilia. Akaufukia msingi, akamngoja mpaka akafa.

Fundi akaniuliza, "Papa, tupandishe ukuta?"

Nimemwambia apandishe kesho, na mlango aache palepale alipouacha baba.

Jioni hii kwanza tutamlilia kaka.

Aliyewahi kumlilia mtu asiye na kaburi, aniambie mlianzia wapi.