Nilivyompeleka Bibi Harusi Msibani

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu. Nilikesha nikimbembeleza mtoto wetu mchanga, na asubuhi, kwa kiburi changu, nikashika usukani kumpeleka shemeji yangu, bibi harusi, kutoka Kyimo hadi kanisani Makandana. Ukungu ulikuwa mzito.

"Shemeji, unasinzia?"

"Niko macho kabisa!"

Papo hapo nikalala. Mayowe yake yaliniamsha tukiwa tunaparua mashamba ya chai. Nikalirudisha gari barabarani. Yeye akajifunika uso, akasali. Mbele nikaona gari lenye maua. Nikajua ni la msafara wetu, nikalifuata mpaka kwenye uwanja uliojaa watu.

Kina mama wakatuzunguka wakilia. Mmoja akafungua mlango, akalitazama shela.

"Maskini mwanangu," akamwambia shemeji, "kumbe marehemu alikuwa mchumba wako?"